Picha Isiyo na Maelezo: Uhakiki wa Njia ya Kuwavuta Wanafunzi Wazito wa Kusoma na Kuandika

Mwanafunzi mzito wa kusoma si lazima awe mzito wa fikira. Mara nyingi ni mtu aliyekwisha kushindwa mbele ya ukurasa hata akazoea kuuona ukurasa kama mahakama: hapo ndipo makosa yake huhesabiwa, na hapo ndipo wenzake humpita. Akiambiwa aandike, huandika mistari mitatu akaweka kalamu chini. Akiambiwa asome, macho yake hupita juu ya maneno bila ya kutua. Walimu wa nchi nyingi wametafuta dawa ya jambo hili, na katika miaka ya karibuni dawa moja imesifiwa sana, nayo ni picha zipatikanazo katika intaneti. Picha huwekwa mbele ya darasa, mwanafunzi huulizwa anaona nini, na yule aliyekuwa bubu mbele ya kitabu huanza kusema. Sifa hizo ni za haki. Lakini kusema si kusoma, wala kuona si kuandika, na swali lipasalo kuulizwa ni hili: je, picha humfikisha mwanafunzi kwenye maandishi, au humpa njia mpya ya kuyakwepa?

I. Zoezi na asili yake

Mfano ujulikanao sana wa njia hii ni zoezi la gazeti la New York Times la Marekani, lililoanzishwa mwaka 2012 katika sehemu ya gazeti hilo inayowahudumia walimu na wanafunzi. Kila Jumatatu ya muhula wa masomo ilitolewa picha moja iliyokwisha kutumika gazetini, baada ya kuondolewa maelezo yake yote: jina la mahali, tarehe, majina ya watu na sababu ya kupigwa kwake. Wanafunzi waliitazama, wakaandika waliyoyaona na waliyoyadhani, wakasoma yaliyoandikwa na wenzao wa shule nyingine, wakajibizana. Siku chache baadaye, katika juma lilo hilo, maelezo yalirudishwa pamoja na njia ya kuifikia habari ambayo picha ile ilitoka kwayo.

Maswali yanayoliongoza zoezi hilo hayakubuniwa na gazeti. Yalitoka katika njia ya kufundisha iitwayo Visual Thinking Strategies, iliyotungwa na Abigail Housen, mtaalamu wa saikolojia, na Philip Yenawine, aliyekuwa mkuu wa elimu katika Museum of Modern Art ya New York kuanzia mwaka 1983 hata 1993. Njia hiyo ilizaliwa na shaka: wageni wa jumba lile la sanaa walifurahia kuelezwa habari za michoro, lakini waliyoelezwa hayakukaa vichwani mwao. Housen alikuwa amechunguza namna watu wanavyotazama kazi za sanaa, akawagawa watazamaji katika madaraja matano. Mtazamaji wa daraja la kwanza, kwa maoni yake, ni msimulizi: hushika analoliona, akalichanganya na anayoyajua na anayoyakumbuka, akafanya hadithi. Basi mwanafunzi asizuiwe kusimulia, bali aongozwe kwa maswali matatu: nini kinatendeka katika picha hii, ameona nini hata akasema hivyo, na ni lipi jingine liwezalo kuonekana. Mwalimu halisifu jibu wala halikosoi. Hukionyesha kwa kidole kitu kilichotajwa, hulirudia jibu kwa maneno mengine, na huliunganisha na jibu la mwingine.

Si vigumu kuona sababu za njia hii kumfaa mwanafunzi mzito. Kwanza, mbele ya picha isiyo na maelezo wote huanza pamoja. Msomaji mwepesi hana alichomtangulia mwenzake. Pili, hakuna jibu lililofichwa mfukoni mwa mwalimu, na kwa hiyo hakuna aibu ya kulikosa. Tatu, na hili ndilo kubwa, swali la pili humdai mwanafunzi ushahidi bila ya kumtisha. Mtoto aliyesema kwamba watu wa pichani wana njaa huulizwa ameona nini, naye hutafuta: sufuria tupu, mashavu yaliyobonyea, mikono iliyonyoshwa. Amekwisha kujenga hoja na kuipa msingi, nayo ndiyo kazi yote ya insha, kabla hajajua kwamba anaandika insha.

II. Mama wa Nipomo

Nguvu ya njia hii na mpaka wake huonekana vema katika picha moja ijulikanayo duniani kote. Mwezi wa Machi mwaka 1936 Dorothea Lange, mpiga picha aliyekuwa akifanya kazi kwa serikali ya Marekani, alimkuta mama mmoja katika kambi ya wachumaji njegere huko Nipomo, California. Ulikuwa wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Picha aliyoipiga imehifadhiwa katika Library of Congress pamoja na picha nyingi za mkusanyo ule ule, na kwa kuwa ni mali ya umma, mwalimu yeyote aweza kuichukua katika intaneti bila ya malipo.

Darasa lisiloambiwa neno lolote huona nini? Mama ameketi. Mkono wake wa kulia umefika shavuni. Mtoto mchanga yuko mapajani pake. Watoto wawili wakubwa zaidi wamemwegemea mabegani, mmoja huku na mmoja huku, nao wamegeuza nyuso zao zisionekane. Nguo zimechakaa. Macho ya mama hayamwelekei mpiga picha, bali yatazama mbali. Mwanafunzi mmoja atasema kwamba watoto wanalia. Wa pili, kwamba wanaona haya. Wa tatu, kwamba wameambiwa wasitazame. Hukumu ni tatu, na ushahidi wa zote ni mmoja: nyuso hazionekani. Hapo mwanafunzi hujifunza jambo ambalo vitabu vya insha hulieleza kwa taabu, kwamba ushahidi mmoja waweza kubeba maana nyingi, na kwamba mwandishi ana wajibu wa kusema ni ipi aichaguayo na kwa sababu gani.

Lakini yapo mambo ambayo hata jicho kali kuliko yote halitayaona. Picha haisemi mama yule alikuwa nani. Maelezo ya awali yalimtaja kuwa mama wa watoto saba, mwenye umri wa miaka 32, bila ya jina. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilikuja kujulikana kwa umma mwaka 1978. Naye alikuwa wa asili ya Wacherokee, jambo ambalo watazamaji wa miaka arobaini hawakulidhania. Lange aliandika mwaka 1960 kwamba mama huyo alikuwa ameuza mipira ya gari lake ili apate chakula; jamaa zake walikana kabisa. Picha haiwezi kuamua kati yao. Wala haisemi kwamba kidole gumba kilichoshika mti wa hema, ambacho kilionekana pembeni mwa picha ya kwanza, kilifutwa baadaye kwa amri ya Lange mwenyewe. Haya yote hayajulikani kwa kutazama. Hujulikana kwa kusoma tu.

Hapa ndipo ubora wa zoezi la gazeti unapotokeza, nao si pale unaposifiwa kwa kawaida. Wengi husifu kuondolewa kwa maelezo. Lililo bora zaidi ni kurudishwa kwake. Maneno yaliyofichwa siku ya Jumatatu huwa ni kitu kinachotamaniwa mwisho wa juma, na mwanafunzi ambaye hangeisoma habari ile hata kwa adhabu huisoma ili ajue kama alipatia. Picha yenyewe haikumfundisha kusoma. Ilimtia njaa, na njaa hiyo hushibishwa na maandishi. Mwalimu aitumiaye picha akasahau kurudisha maneno amewaita watu karamuni, akawaonyesha moshi wa jikoni, akawarudisha makwao.

III. Maswali yakiulizwa kwa Kiswahili

Kwa wataalamu wa Kiswahili njia hii ina jambo la pekee la kuchunguzwa, kwani maswali yake yalitungwa kwa Kiingereza, nayo hayahamii katika lugha nyingine bila ya kubadilika. Swali la kwanza likifasiriwa "Kuna nini katika picha hii?" mwanafunzi atataja vitu: kuna mtu, kuna mti, kuna gari. Atafanya orodha, na orodha si habari. Likiulizwa "Nini kinatendeka hapa?" ataanza kusimulia. Swali la pili likifasiriwa "Kwa nini unasema hivyo?" lina sauti ya mashtaka, mtoto aliyezoea kuulizwa "kwa nini" alipokosa atadhani kwamba amekosa tena, naye atanyamaza. "Umeona nini hata ukasema hivyo?" humtuma kwenye picha badala ya kumrudisha kwenye hofu yake. Tofauti ya maneno ni ndogo, tofauti ya darasa ni kubwa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Yapo maneno ya Kiswahili ambayo huona na kuhukumu kwa pamoja. Mkono wa mama wa Nipomo umefika shavuni. Mswahili akiitazama picha ile atasema mara moja kwamba ameshika tama. Lakini kushika tama si kuweka mkono shavuni tu. Ni kuuweka kwa huzuni, kwa wasiwasi au kwa kukata tamaa, hata wazee huwakataza watoto wasishike tama bila ya msiba. Mwanafunzi aliyeandika "ameshika tama" amekwisha kutoa hukumu, ijapokuwa adhani ameeleza alichokiona. Akiulizwa ameona nini hata akasema hivyo, atalazimika kulipasua neno lake mwenyewe: mkono uko hapa, paji la uso limekunjamana, macho yako mbali. Hilo ni somo la semantiki lisilohitaji kutajwa jina lake, na ni somo ambalo kamusi haiwezi kulitoa.

Papo hapo pana hatari kwa mwalimu. Njia hii humtaka alirudie jibu la mwanafunzi kwa maneno mengine, na mwanafunzi mwenye msamiati mchache hufaidika, maana hulisikia neno halisi wakati anapolihitaji. Aliyesema "amembeba mtoto" husikia kwamba ambebaye mapajani amempakata, ambebaye mgongoni amemweleka, na achukuaye mzigo kichwani amejitwika. Lakini mwanafunzi akisema "ameweka mkono shavuni," naye mwalimu akarudia "yaani ameshika tama," mwalimu hakurudia jibu, amelipita. Ameingiza huzuni ambayo mwanafunzi hakuitaja, na darasa zima litamfuata. Katika Kiswahili, basi, kurudia jibu kwahitaji uangalifu ambao watungaji wa njia hii hawakuwa na sababu ya kuufikiria.

Jambo la tatu ni nyakati za vitenzi. Picha husimamisha tendo, na Kiswahili humlazimisha msemaji aamue kama alionalo ni tendo liendelealo au hali iliyokwisha kufikiwa. Mtu pichani ameketi, amevaa, amesimama, amebeba. Lakini anakimbia, anacheka, anachimba. Mwanafunzi aandikaye "anavaa kanzu" kwa mtu aliyekwisha kuivaa amebadili habari yote. Na "amelala" lina fumbo lake: mtu aliyelala chini aweza kuwa usingizini, au amejinyosha tu, au ni mgonjwa asiyeweza kuinuka. Vivyo hivyo kwa mahali: mtoto yupo hemani, au yumo hemani? Mwenye kuliona hema kwa nje hana haki ya kusema "yumo" mpaka aonyeshe alichokiona. Sarufi hii hufundishwa kwa sentensi zilizokatwa vipande, na wengi huisahau. Mbele ya picha hujifunzwa kwa haja.

Mwisho ni maneno ya kupima uhakika. Bila shaka, yaelekea, huenda, labda, yamkini, kana kwamba: haya ni mizani ya mwandishi mwaminifu. Insha nyingi za wanafunzi hazina hata moja, kwa sababu mada wapewazo huwataka wasifu au walaumu tu. Picha isiyo na maelezo huyafanya kuwa ya lazima. Mwanafunzi hawezi kusema kwamba watoto wale wanalia. Aweza kusema yaelekea wanalia, akataja sababu. Akizoea kupima maneno yake mbele ya picha, atayapima mbele ya gazeti na mbele ya msemaji wa jukwaani.

IV. Upungufu wake

Yafaa kutofautisha picha ya namna hii na zile zilizochorwa katika vitabu vya madarasa ya chini. Picha ya kitabuni huchorwa ili itoe jibu moja: huyu ni baba analima, huyu ni mama anapika. Mwanafunzi hana la kugundua, na kosa lake huonekana mara moja. Picha iliyopigwa ina vitu ambavyo mpiga picha mwenyewe hakuvikusudia, na ndani ya vitu hivyo mna nafasi ya mtazamaji. Mwalimu achaguaye picha nyepesi mno katika intaneti, zile za watu wazuri wanaotabasamu bila ya sababu, amerudi kwenye picha ya kitabuni kwa gharama kubwa zaidi.

Upungufu wa kwanza wa njia yenyewe ni huo wa kutokosoa. Mbele ya mchoro wa sanaa waweza kuvumilika, kwa kuwa maana za mchoro ni nyingi. Picha ya habari haiko hivyo. Ilipigwa mahali fulani, siku fulani, na watu waliomo walikuwa na majina na maisha yao. Kusema kwamba kila maoni yenye ushahidi wa macho ni sawa na mengine ni kuwadhulumu watu wale. Gazeti lilipoyarudisha maelezo liliuziba ufa huo, lakini mwalimu aigaye maswali matatu peke yake huuacha wazi.

Upungufu wa pili ni kwamba mazungumzo mazuri hudhaniwa kuwa kazi imekwisha. Darasa limechangamka, kengele imelia, wala hakuna aliyeandika. Dawa yake ni mpango. Mwanafunzi na atazame kwanza, kisha aseme, kisha aandike maelezo yake mwenyewe ya picha kwa sentensi chache kabla ya kuyaona ya kweli. Hapo ndipo asome habari iliyotoka na picha, na baada ya kusoma aandike tena. Andiko la pili ndilo lenye thamani kubwa, kwa kuwa ndani yake mna mambo matatu pamoja: aliloliona, alilolidhani na alilolisoma; naye hulazimika kuyatenga. Mwanafunzi aliyekuwa akiweka kalamu chini baada ya mistari mitatu sasa ana jambo la kusema ambalo ni lake, yaani namna alivyokosea au alivyopatia.

Upungufu wa tatu watoka katika intaneti yenyewe. Picha husafiri humo bila ya wenyewe. Ya vita vya nchi moja huwekwa maneno ya vita vya nchi nyingine. Ya mwaka wa zamani huitwa ya jana. Na sasa akili mnemba hutengeneza sura za watu ambao hawakuzaliwa. Kwa hiyo maswali matatu yahitaji la nne: ni nani aliyeipiga picha hii, wapi, na nani aliyeihifadhi? Picha isiyoweza kujibiwa swali hilo isipelekwe darasani, isipokuwa kwa somo la udanganyifu. Kuhusu uhaba wa vyombo hapana haja ya kusema mengi: picha moja iliyochapwa kwa karatasi kubwa yatosha darasa zima, na muda wa kuitazama una faida kuliko wingi wa picha.

V. Picha za Afrika ya Mashariki

Mahali ambapo njia hii ingeweza kuzaa matunda kwa wasomaji wa Kiswahili pako tayari. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kina mkusanyo uliofanywa na Mwingereza Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki, zilizopigwa baina ya mwaka 1860 na 1960 au karibu na hapo. Zimewekwa katika intaneti ili zitazamwe na watu wote. Humo mna bandari, mitaa, misafara, reli, masoko na watu wa kila hali.

Ila hapa njia ya gazeti hugeuka. Mwanafunzi wa New York akirudishiwa maelezo hupata ukweli uliothibitishwa na mwandishi wa habari. Mwanafunzi wa Mombasa au Bagamoyo akirudishiwa maelezo ya picha ya zama za ukoloni hupata maneno ya mpita njia, yaliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, ambayo mara nyingi humtaja Mzungu kwa jina na waliosimama nyuma yake kwa kazi yao au kabila lao. Maneno hayo nayo ni kitu cha kusomwa na kuulizwa: mwandishi wake aliona nini hata akasema hivyo? Na baadhi ya majibu hayako katika maktaba yoyote. Yako kwa wazee wajuao mtaa fulani uliitwaje, kwa mafundi watambuao nakshi za mlango, kwa wanawake wajuao namna ya kujifunga leso na maana yake.

Basi mwanafunzi mzito wa kusoma, ambaye shuleni huhesabiwa kuwa wa mwisho, aweza kuwa wa kwanza kuandika kwa Kiswahili maelezo ya picha ambayo tangu ilipopigwa haijapata kuelezwa kwa lugha ya watu waliomo. Kazi hiyo yataka kuuliza, kusikiliza, kusoma yaliyoandikwa na wageni, kuyapima, na kuandika kwa uangalifu. Hapana ujanja wa kumbembeleza mtoto ndani yake. Ni kazi halali yenye haja, na haja ndiyo iliyokosekana tangu mwanzo katika mistari mitatu ya yule aliyeweka kalamu chini. Picha hufungua kinywa, na hiyo ni sifa yake ya kweli. Lakini njia hii na ipimwe kwa kile kilichobaki katika daftari baada ya picha kuondolewa, si kwa kelele za darasa wakati ilipokuwa ukutani.